Nyumba Moja, Vidonda Viwili

Mama msomaji, leo nataka kukusimulia jambo ambalo mimi, kama muuguzi, naona haya kulisimulia. Ni mdogo wangu mwenyewe aliyeniomba nilieleze, ili lisimpate mama mwingine.

Mwaka 2019 mdogo wangu huyo wa kike alimpa kaka yetu figo yake moja. Kaka alikuwa mfanyabiashara wa mboga. Alikuwa akinunua kabichi na karoti huku kwetu Lushoto na kuzipeleka Dar es Salaam. Shinikizo la damu lilimkaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa, maana halikumuuma popote. Lilipokuja kugundulika, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha kuharibika. Ikabidi ahamie Dar es Salaam kwa ndugu, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4. Wifi yangu aliwaacha watoto kwa mama yetu, akaenda kukaa naye.

Madaktari walipotueleza kwamba angeweza kupandikizwa figo ya ndugu, mimi nilikuwa wa kwanza kujitolea. Nikakataliwa, kwa sababu nami nina shinikizo la damu. Mdogo wetu, mama wa watoto 3, ndiye aliyefaa. Alikaa na mumewe wakazungumza, wakaomba pamoja, akakubali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilikuwapo Dar es Salaam siku hizo, na nilimshukuru Mungu kwa machozi nilipoambiwa kwamba figo imeanza kutoa mkojo. Baada ya siku chache mdogo wangu aliruhusiwa kutoka hospitali. Alipumzika kidogo kwa ndugu, kisha shemeji akamrudisha nyumbani milimani kwa basi. Kaka alibaki karibu na hospitali ili apimwe mara kwa mara. Nami likizo yangu ikaisha, nikarudi kazini.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Kila jioni simu zilipigwa Dar es Salaam: Kaka anaendeleaje? Figo inafanya kazi? Amekula nini? Akina mama wa usharika walichanga fedha, zikatumwa kwa kaka. Kuku na maharage vilipakiwa kwenye basi, vikaenda kwa kaka. Mimi nilichukua jukumu la kutengeneza chumba atakachofikia. Nilinunua godoro jipya na kutafuta mafundi wa kupiga chokaa.

Mafundi wale walikuwa kazini nilipomwona binti wa mdogo wangu akishuka njia ya mlimani akiwa na sare za shule. Alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya bonde. Aliniambia, "Mama mkubwa, mama hajaamka tangu jana."

Nilimkuta mdogo wangu ana homa. Mshono ulikuwa umevimba upande mmoja na unatoa maji. Ilikuwa wiki ya 4 tangu apasuliwe. Alikuwa amekwisha kurudia kuchota maji na kubeba mzigo wa majani ya ng'ombe, kwani mumewe alikuwa kibaruani na hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Nilianza kumgombeza. Akaninyamazisha kwa maneno haya: "Dada, kila anayekuja ananiuliza figo ya kaka inaendeleaje. Hakuna anayeuliza pale ilipotolewa."

Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Akasafishwa kidonda, akapewa dawa, na baada ya wiki 2 alikuwa amepona. Mungu alitusaidia. Lakini neno lile limebaki moyoni mwangu. Mimi ni muuguzi niliyesomea kazi hii, na nilikuwa nimesahau kwamba katika familia yetu kulikuwa na vidonda viwili.

MATIBABU HAYA NI NINI?

Figo ni viungo viwili vilivyo nyuma ya tumbo, kila kimoja chini kidogo ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu, kutoa uchafu na maji yaliyozidi kwa njia ya mkojo, kusaidia kutawala shinikizo la damu na kusaidia mwili kutengeneza damu. Mtu mwenye afya anaweza kuishi kwa figo moja. Ile inayobaki huongezeka ukubwa kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake.

Anayepokea haondolewi figo zake za zamani, isipokuwa kuna sababu maalumu. Figo mpya huwekwa mbele, chini ya tumbo, karibu na kinena. Akina mama wengi huniuliza kwa nini mshono wa mgonjwa uko tumboni na si mgongoni. Sababu ni hiyo.

Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa kutoka kwa mtoaji aliye hai ulifanyika tarehe 23 Desemba 1954 mjini Boston, Marekani. Daktari Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya kijana aitwaye Ronald Herrick wakampa pacha wake, Richard. Richard aliishi miaka 8 zaidi, akamwoa muuguzi aliyemhudumia hospitalini, wakapata watoto 2. Ronald, aliyetoa, aliishi mpaka mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 79. Daktari Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Hapa kwetu, kwa miaka mingi wagonjwa walilazimika kusafirishwa, hasa kwenda India. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India. Mwezi Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiwa na wataalamu kutoka Japani. Kwa hiyo jambo hili si la mbali tena. Linaweza kuingia katika nyumba yoyote, hata ya huku kwetu Soni, Mlalo au Bumbuli.

ALIYETOA ATUNZWE VIPI?

Naanza na aliyetoa, kwa kuwa ndiye anayesahauliwa. Mtu huyu aliingia chumba cha upasuaji akiwa mzima, akatoka na kidonda. Si mgonjwa wa figo, lakini ni mtu aliyepasuliwa, na mwili wake unahitaji muda.

1. Asibebe mzigo kwa wiki 6, au zaidi kama daktari atakavyosema. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kuni, majani ya ng'ombe, gunia la viazi, jembe, hata mtoto anayetaka kubebwa mgongoni, vyote hivyo ni mizigo. Kwa milima yetu hii, kupanda na kushuka huku umebeba kitu ni kazi kubwa kuliko watu wa tambarare wanavyodhani. Mshono unaweza kufumuka kwa ndani na kuleta ngiri. Lakini asilale kitandani mchana kutwa. Atembee polepole kila siku, maana kutembea huzuia damu kuganda miguuni.

2. Atazamwe mshono kila siku. Wekundu unaoenea, uvimbe, usaha, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hayo ni ya kupelekwa hospitali, wala si ya kungoja.

3. Ajihadhari na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kama pipi, zinaweza kudhuru figo. Atumie alizoandikiwa. Hali kadhalika aepuke dawa za mizizi zisizojulikana.

4. Apimwe kila mwaka maisha yake yote. Vipimo ni vitatu tu: shinikizo la damu, mkojo, na damu ya kuangalia kazi ya figo.

5. Kama bado anatarajia kuzaa, azungumze na daktari kwanza na asiharakishe. Kwa kawaida anaweza kubeba mimba na kujifungua salama. Hata hivyo, hatari ya kupata shinikizo la damu wakati wa mimba huongezeka kidogo. Aanze kliniki mapema, na amwambie mkunga waziwazi kwamba ana figo moja.

Na moyo wake je? Watoaji wengine hupatwa na huzuni baada ya upasuaji, hata kama walitoa kwa furaha. Kabla ya hapo walikuwa wakizungukwa na ndugu na madaktari, kisha ghafla macho yote yanamgeukia mgonjwa. Huzuni hiyo si ukosefu wa imani wala si kujuta. Aulizwe habari zake mwenyewe. Aketi mtu karibu naye amsikilize.

Neno jingine kwa wazazi na mashemeji: figo ni zawadi. Si deni analodaiwa ndugu, wala si bidhaa ya kuuzwa. Asilazimishwe mtu, asitishwe, asitengwe akikataa. Mtoaji ana haki ya kusema hapana hata asubuhi ya siku ya upasuaji.

ALIYEPOKEA ATUNZWE VIPI?

Ronald na Richard walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, hivyo mwili wa Richard haukuiona figo ile kuwa ngeni. Ndugu wengine hawana bahati hiyo. Kinga ya mwili, ile inayopigana na vijidudu, huiona figo mpya kuwa mvamizi na kutaka kuiharibu. Ndiyo maana mpokeaji humeza dawa za kushusha kinga, kama vile takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni. Dawa hizi ni za kila siku, kwa muda wote figo ile itakapokuwa ikifanya kazi.

Dawa ziwe na saa yake. Kama zimeandikwa mara 2 kwa siku, ziachane saa 12. Wifi yangu alichagua saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Usiku redio inapoanza taarifa ya habari, kikombe cha maji huwa kimekwisha kuwekwa mezani. Siku ya kwenda kupimwa kiwango cha takrolimasi katika damu, dozi ya asubuhi isimezwe kabla damu haijatolewa. Aende nayo mfukoni, aimeze baada ya hapo.

Ziwepo za akiba. Wakati wa masika barabara yetu ya kutoka Mombo kupanda mpaka Lushoto huweza kufungwa na maporomoko. Usingoje vibaki vidonge vya siku 2. Sisi hatukubali akiba ipungue chini ya wiki 2.

Asiongezewe dawa bila daktari wake kujua. Baadhi ya dawa za kifua, za fangasi na za kifua kikuu hupandisha au kushusha mno nguvu ya takrolimasi. Balungi nalo huipandisha, kwa hiyo asile tunda hilo wala asinywe maji yake. Akiumwa malaria au kifua, aende hospitali na karatasi ya dawa zake zote.

Chakula kipikwe kiive. Maji yachemshwe, maziwa yachemshwe, mayai na nyama viive kabisa. Mboga zetu za Lushoto ni nzuri, lakini hulimwa kwa samadi. Kwa miezi ya mwanzo ale zilizopikwa, na kachumbari ingoje. Matunda yaoshwe kwa maji safi na kumenywa. Chumvi ipunguzwe. Prednisoloni huleta njaa kubwa na inaweza kuleta kisukari, kwa hiyo sukari na mafuta viwe kidogo. Huenda uso ukawa wa mviringo na hasira zikawa karibu. Usidhani mumeo amebadilika tabia. Mara nyingi ni dawa.

Anywe maji kama alivyoelekezwa. Alipokuwa kwenye mashine alikuwa akipimiwa maji kwa vikombe. Sasa huenda akaambiwa anywe lita 2 au zaidi kwa siku. Wengine huogopa kwa mazoea ya zamani. Mtie moyo.

Wageni wapokelewe kwa hekima. Desturi yetu ya kwenda kumpa pole mgonjwa ni njema, lakini katika miezi ya mwanzo msongamano unaweza kumletea maradhi. Wifi aliweka benchi nje chini ya mti wa peasi, na maji na sabuni kando yake. Kaka akawa anasalimia wageni kutoka kibarazani, bila kushikana mikono. Aliyekuwa na mafua aliombwa arudi akipona. Wapo walionuna, lakini wengi walielewa. Miezi ya Juni na Julai, baridi inapotubana ndani pamoja na moshi wa jikoni, jihadharini zaidi. Chandarua kiwepo kitandani. Kazi za zizini, bandani mwa kuku na za samadi afanye mtu mwingine.

Chanjo zina utaratibu wake. Mpokeaji hapewi chanjo za vijidudu hai, kama ya surua au homa ya manjano. Watoto wa nyumbani wasikoseshwe chanjo. Lakini kabla mtoto hajapewa matone ya polio, mweleze muuguzi wa kliniki kwamba nyumbani kuna mtu aliyepandikizwa figo, akuelekeze njia salama.

Mke aliyepandikizwa ajue kwamba rutuba hurudi, mara nyingine upesi kabla hata hajatazamia. Maikofenoleti inaweza kuharibu mimba na kumdhuru mtoto. Basi apange uzazi, angoje angalau mwaka mmoja, na daktari ambadilishie dawa kabla ya kushika mimba.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya:
- homa ya nyuzi 38 au zaidi;
- mkojo kupungua, au kuwa na damu;
- miguu au uso kuvimba, au uzito kupanda ghafla;
- maumivu mahali figo mpya ilipo;
- shinikizo la damu kupanda kuliko kawaida yake;
- kutapika au kuharisha hata dawa zisikae tumboni.

Lakini kumbuka kwamba mwili unaweza kuikataa figo kimyakimya, bila dalili yoyote. Sisi tulilijua hilo mwaka wa pili. Kaka alikuwa amenenepa na amerudia biashara. Akaanza kusema moyoni, "Nimepona, nameza za nini?" Alipokuwa safarini aliruka dozi za usiku, na nyumbani alinyamaza. Hakuumwa popote. Kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini ndicho kilichomfichua. Alilazwa, akaongezewa dawa, figo ikaokolewa, ingawa daktari alisema haitarudi kuwa kama ilivyokuwa mwanzo.

Siku aliyoruhusiwa, mdogo wangu alikwenda kumwona. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Kaka, mimi sina nyingine ya kukupa." Tangu siku hiyo kaka hubeba dawa zake kwenye kibegi shingoni kama mtoto wa shule.

Maombi nayo tunaendelea nayo, na dawa tunaendelea nazo. Akija mtu nyumbani kwako akisema kumeza vidonge ni kukosa imani, mkaribishe chai, lakini vidonge usimpe akavitupa. Mpokeaji asifunge kula na kunywa bila idhini ya daktari wake.

ANAYEUGUZA NAYE NI MTU

Simsahau wifi yangu. Alikaa mwaka mzima mbali na watoto wake, na aliporudi alikuwa amekonda kuliko mgonjwa. Tulipokutana kama familia, baada ya aibu ile ya mshono, tuligawana kazi. Mimi nilipewa kusafisha vidonda na kupima shinikizo la damu katika nyumba zote mbili. Shemeji mdogo alipewa kukata majani ya ng'ombe wa mdogo wangu kwa miezi 2. Akina mama wa usharika waligawana siku za wiki, wawili wawili: mmoja kuchota maji kwa aliyetoa, mwingine kukaa kwa kaka ili wifi alale mchana. Kazi hizo hazikuhitaji fedha. Zilihitaji karatasi moja yenye majina na siku, ikabandikwa mlangoni.

Mama msomaji, kama katika ukoo wenu au usharika wenu kuna mtu aliyetoa figo, hata kama ni miaka 5 iliyopita, nenda kamwulize ni lini alipimwa mara ya mwisho. Ukikuta ni zamani, msindikize.

Mdogo wangu hupimwa kila mwaka, mwezi uleule aliofanyiwa upasuaji. Nauli hutoa kaka, nami huomba ruhusa kazini nikaenda naye. Mwaka huu shinikizo lake la damu lilikuwa zuri na mkojo ulikuwa safi. Tulipotoka tulipitia sokoni, tukanunua peasi, tukapanda gari kurudi. Njiani simu yake ikalia. Alikuwa kaka, na swali lake lilikuwa moja: "Wewe, wamekuambiaje?"